Haki ya Kusikilizwa: Maoni Yetu kuhusu Kesi za Ubaguzi kwa Sababu ya Mwelekeo wa Kijinsia



Ndugu waamini na viongozi wa walei wa Kigombe na vigango vya jirani, habari za kesi zilizofunguliwa Mombasa, Nairobi na Kampala na watu wanaodai kubaguliwa kwa sababu ya kupenda jinsia yao zimetufikia kwa redio na kwa simu za mkononi, na kila zinapofika huwa zimekwisha tiwa chumvi njiani. Wako wanaoamini kwamba mahakama ya Kenya imehalalisha ndoa za watu wa jinsia moja. Haikufanya hivyo. Wako pia wanaosema kwamba Mkristo hana la kujadili katika kesi kama hizo, maana dhambi ni dhambi na basi. Juu ya jambo hili la pili tungependa kusema kwa kirefu kidogo.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili mtu asiutilie shaka. Tunayashika mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa na usafi wa moyo bila kuyapunguza. Na kwa kuwa tunayashika yote, twasema kwamba mtu yeyote anayedai kuonewa kwa sababu ya mwelekeo wake anayo haki ya kwenda mahakamani, kusikilizwa, na kupewa hukumu kwa ushahidi kama raia mwingine. Kumwondolea haki hiyo ni dhuluma, nasi Tume ya Haki na Amani hatuwezi kuiita dhuluma kwa jina jingine eti kwa sababu aliyedhulumiwa hatumpendi.

(Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya maneno. Katika pwani yetu hii bibi zetu waliitana shoga, wakimaanisha rafiki wa kike wa karibu, na hakuna aliyeona haya. Leo neno hilo limegeuzwa kuwa tusi la kumrushia mtu barabarani. Katika kijitabu hiki hatutalitumia kwa namna hiyo.)

Tuanzie karibu. Ukunda, katika Kaunti ya Kwale, ni ng'ambo tu ya mpaka wa Horohoro. Wadigo wa kule na Wadigo wa Tanga ni ndugu. Mwezi Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa huko kwa tuhuma za kufanya mapenzi ya jinsia moja. Polisi waliomba amri ya hakimu wa Kwale, na wanaume hao wakapelekwa hospitali kuu ya serikali mjini Mombasa, wakiwa chini ya ulinzi, wakalazimishwa kukaguliwa sehemu zao za siri ili upatikane ushahidi. Wakapimwa pia damu, ikiwemo virusi vya UKIMWI. Tunaomba radhi kwa kulitaja jambo hili katika kijitabu cha kanisa, lakini aliyetendewa hakuweza kulikwepa, na msomaji asilikwepe.

Walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Mombasa wakidai kwamba utu wao umevunjwa. Tarehe 16 Juni 2016 Jaji Mathew Emukule aliwakatalia. Wakakata rufani. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo: majaji Alnashir Visram, Wanjiru Karanja na Martha Koome walikubaliana kwamba vipimo vile vilivunja haki na heshima ya watu hao, na kwamba ridhaa inayosemekana kutolewa na mtu aliyemo mikononi mwa polisi si ridhaa. Nusu mwaka kabla ya hukumu hiyo, Chama cha Madaktari cha Kenya kilikuwa kimekwisha kulaani vipimo vya namna hiyo, kwa kuwa katika elimu ya tiba havithibitishi chochote.

Tazameni vema kilichoamuliwa. Mahakama haikusema kwamba tendo walilotuhumiwa ni jema, wala haikufuta kifungu cha sheria kinacholikataza. Ilisema kwamba mwili wa mtuhumiwa si shamba la kuchimbwa ushahidi. Ni nani kati yetu, mwenye kijana wa kiume au wa kike aliyewahi kulala mahabusu, asiyeliafiki hilo? Sisi tunaoishi katika kijiji cha wavuvi tunajua jinsi tuhuma zinavyotembea. Mvuvi akisemwa kwamba amepiga baruti, wapo watakaomhesabu mwizi wa bahari kabla samaki wake hawajakaguliwa, na sababu yenyewe yaweza kuwa ugomvi wa dema au wa mpaka wa kiwanja. Tuhuma ya uasherati ni nyepesi zaidi kuitoa na ni nzito zaidi kuibeba. Haihitaji hata samaki.

Kesi ya pili ya Kenya ndiyo iliyoleta kelele nyingi. Wakili mmoja, Eric Gitari, alitaka kuandikisha shirika la kutetea haki za watu wenye mwelekeo huo. Mwaka 2013 Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali iliyakataa majina yote aliyopendekeza, ikitaja vifungu vya Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilimpa haki tarehe 24 Aprili 2015, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo tarehe 22 Machi 2019, na Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikamaliza shauri tarehe 24 Februari 2023. Miaka 10 kwa ajili ya kuandikisha jina! Hoja ya majaji wengi ilikuwa hii: Katiba ya Kenya inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wenzake, na ofisa wa serikali hawezi kumnyima mtu uhuru huo kwa sababu tu ya mwelekeo wake. Mbunge mmoja aliomba hukumu hiyo iangaliwe upya. Ombi lake likakataliwa tarehe 12 Septemba 2023.

Viongozi wengi wa dini nchini Kenya, Wakristo kwa Waislamu, waliipinga hukumu hiyo. Tunauelewa uchungu wao. Waliona kwamba leo ni shirika, kesho itakuwa ndoa, keshokutwa itakuwa shuleni kwa watoto. Hofu hiyo si ya kipumbavu, na wenye kuibeza hawajawahi kulea watoto. Lakini mahakama hizo hizo za Kenya, tarehe 24 Mei 2019, zilipoombwa kufuta vifungu vinavyoadhibu tendo lenyewe, zilikataa; majaji watatu wa Mahakama Kuu waliitupa kesi hiyo. Yaani mahakama iliyofunguliwa mlango haikuwapa wadai kila walichotaka. Iliwapa kimoja, ikawanyima kingine, na kila uamuzi ukatolewa pamoja na sababu zake. Ndoa yenyewe, katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na katika Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, inabaki kuwa ya mwanamume na mwanamke.

Liko jambo jingine katika hukumu ya mwaka 2015 ambalo sisi Wakristo wa pwani tungepaswa kulitafakari kwa utulivu. Mahakamani kulisomwa aya za Biblia na za Kurani ili kuonyesha kwamba shirika lile lisiandikishwe. Majaji wakajibu kwamba imani ya dini, hata ikiwa ya watu wengi, haiwezi kuwa sababu ya kisheria ya kumnyima mtu haki ya kikatiba. Wengi walikasirika. Lakini hebu tujiulize: sisi hapa Kigombe ni wangapi? Majirani zetu, ambao tumeishi nao kwa wema, walio wengi ni Waislamu. Siku ambayo ofisa wa usajili ataruhusiwa kukataa chama kwa sababu dini ya walio wengi haikipendi, tusidhani kwamba kigango chetu na vyama vyetu vya kitume vitaachwa salama kila mahali na kila wakati. Walio wachache hapa ni wengi kwingineko, na kinyume chake. Sheria isiyouliza wingi wa waumini ndiyo inayotulinda sote.

Sasa tuvuke hadi Uganda, ambako mambo yamekwenda mbali zaidi. Mwezi Julai 2005 mwenyekiti wa halmashauri ya mtaa, cheo kinachofanana na mwenyekiti wetu wa kitongoji, aliingia usiku katika nyumba ya mtu bila hati ya upekuzi, akachukua karatasi zake na kumpeleka mgeni aliyemkuta humo ofisini na kisha polisi, ambako mgeni huyo alidhalilishwa. Kesi ilifunguliwa, na tarehe 22 Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko aliamua kwamba haki za wadai zimevunjwa, akaamuru walipwe fidia. Kilichotupendeza katika hukumu hiyo ni kwamba jaji hakuingia kabisa katika mjadala wa nani anampenda nani. Aliuliza: nyumba ni ya nani, hati iko wapi, na nani amekupa mamlaka? Wenyeviti wetu wa vitongoji na mabalozi wangesoma hukumu hiyo kwa faida.

Mwaka 2010, gazeti dogo la Kampala lilichapisha majina na picha za watu likiwaita wapenzi wa jinsia moja, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Watatu kati yao walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda; gazeti likazuiwa kuendelea. Mmoja wa hao watatu, David Kato, aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 2011, wiki chache baada ya ushindi huo. Aliyemwua alihukumiwa, na polisi walisema mauaji hayo yalikuwa na chanzo kingine. Hatutaki kudai zaidi ya hapo. Tunachokitaja sisi ni maziko. Mchungaji aliyesimama kuongoza ibada kaburini aliacha kumwombea marehemu akaanza kuwashutumu waombolezaji, vurugu ikatokea, na mwishowe askofu mstaafu wa Kianglikana, Christopher Senyonjo, ndiye aliyefanya sala za mwisho. Kwetu pwani hata adui huzikwa. Tukifika mahali ambapo jeneza limekuwa jukwaa, tumeacha mila zetu na Injili kwa pamoja.

Bunge la Uganda lilipitisha sheria mpya mwaka 2023, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na yenye kifungu kilichomlazimisha kila mtu kumripoti anayemshuku. Kesi ikafunguliwa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ilifuta vifungu vichache, kikiwemo hicho cha kulazimisha kuripoti, kwa kuwa vilipingana na haki ya afya, ya faragha, na ya uhuru wa dini. Uhuru wa dini, ndugu zetu! Waliokwenda mahakamani walikuwa watu ambao wengi wetu tusingekaa nao meza moja. Na kwa kesi yao, ambayo kwa sehemu kubwa walishindwa, daktari ameachiwa kumtibu mgonjwa na mchungaji ameachiwa kumsikiliza mtu wake bila kwanza kufikiria kituo cha polisi.

Na hapa nyumbani? Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa utawala wa Waingereza uliokazwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinatoa adhabu isiyopungua miaka 30 gerezani. Kinaadhibu tendo. Hakimwadhibu mtu kwa jinsi anavyotembea, anavyovaa au anavyosemwa barazani. Na adhabu inapokuwa nzito kiasi hicho, ndivyo ushahidi unavyopaswa kupimwa kwa uangalifu zaidi. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, inamlinda mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla haijathibitika, na inakataza adhabu na matendo ya kumdhalilisha mtu. Katika orodha yake ya misingi ya ubaguzi imetaja kabila, dini, jinsia na hali ya maisha. Mwelekeo haukutajwa. Kama umo ndani ya maneno hayo au haumo, ni swali la majaji, na majaji hujibu swali lililoletwa mbele yao.

Hapo ndipo penye uzito. Mwezi Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba vituo 40 vimezuiwa kutoa huduma za UKIMWI, kwa madai kwamba vilikuwa vikieneza mapenzi ya jinsia moja. Mwezi Oktoba mwaka huo huo mawakili na wanaharakati walikutana katika hoteli moja jijini Dar es Salaam kujadili uwezekano wa kwenda mahakamani kuhusu huduma hizo zilizozuiwa. Tarehe 17 Oktoba polisi waliingia wakawakamata watu 13, wakiwemo mawakili. Wageni kutoka Afrika Kusini na Uganda waliondoshwa nchini. Kwa maneno mengine, kesi ilikamatwa kabla ya kufunguliwa. Kama hoja zao zilikuwa mbovu, jaji angeziona ubovu wake. Kama Wizara ilikuwa na sababu nzuri, ingezieleza mbele ya jaji, nasi sote tungezisoma. Badala yake hatukupata hukumu yoyote.

Ukimwi hauulizi mtu alivyoupata. Mwanamume anayeogopa kituo cha afya ana mke, au atakuwa naye. Na mke huyo, ambaye huenda ni binti wa jumuiya yetu, hajui lolote hadi siku anapopimwa kliniki ya wajawazito. Tunalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba huduma ikifungwa huumia mwenye dhambi peke yake.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka watu hao na kuwaomba wananchi wamletee majina. Majina yalimiminika. Tarehe 4 Novemba Serikali ilitoa tamko kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali, na ikaahidi kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyotia saini. Tunaishukuru Serikali kwa tamko hilo. Lakini majina yalikuwa yamekwisha pelekwa. Ni wangapi kati ya waliopeleka walikuwa waamini wenye rozari shingoni?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika aya za 2357 hadi 2359, inayafundisha mambo mawili kwa pamoja. Inasema kwamba matendo hayo ni kinyume cha utaratibu na hayawezi kukubaliwa. Na inasema kwamba watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima na huruma, na kwamba kila alama ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Msomaji makini atagundua yale maneno, usio wa haki. Ni kweli kwamba mwaka huo huo Idara ya Mafundisho ya Imani mjini Roma ilieleza kwamba si kila kutofautisha ni uonevu; kwa mfano, katika kuasili watoto au kuajiri walimu, sheria yaweza kuzingatia mwelekeo wa mtu. Basi, ni upi ulio wa haki na upi usio wa haki? Kanisa lenyewe limeliacha swali hilo lipimwe jambo kwa jambo. Kupima jambo kwa jambo, kwa kusikiliza pande mbili, ndiyo kazi hasa ya mahakama.

Papa Fransisko alisema wazi mwezi Januari 2023 kwamba kuwa mtu wa namna hiyo si kosa la jinai. Maaskofu wa Afrika, katika tamko la SECAM la tarehe 11 Januari 2024, walikataa baraka kwa wenzi wa jinsia moja katika makanisa yetu, na katika tamko hilo hilo walikumbusha heshima anayostahili kila mtu. Wengi wetu tumelikariri nusu la kwanza.

Wanaopenda Maandiko wasome tena sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Suzana alishtakiwa kosa la uasherati na wazee wawili wenye heshima, na mkutano wote ukawaamini kwa sababu ya mvi zao. Hakuokolewa kwa mtu kusema kwamba uasherati si kitu. Aliokolewa kwa sababu kijana mmoja alidai mashahidi watenganishwe na kuulizwa tofauti, na walipotaja miti miwili mbalimbali uongo ukafichuka. Wasome pia Yohane sura ya 7, pale Nikodemo alipowauliza wakuu kama sheria yao humhukumu mtu bila kumsikiliza kwanza. Hawakumjibu swali lake. Walimwuliza kama yeye naye ametoka Galilaya. Kiongozi wa walei atakayeomba mtuhumiwa asikilizwe ajiandae kuulizwa swali la namna hiyo.

Kwa marekebisho ya mwaka 2020 sheria yetu ya kudai haki za msingi mahakamani ilimtaka mdai aape na kueleza jinsi jambo analolalamikia linavyomgusa yeye mwenyewe binafsi. Katika shauri la ardhi au la mshahara hilo halikuwa gumu. Katika shauri la aina tunayoizungumzia, maana yake ilikuwa kwamba mtu aandike katika hati ya kiapo, kwa jina lake, jambo ambalo kijijini laweza kumgharimu nyumba. Tunaamini kwamba sharti la namna hii halifai, na tungependa Tume za Haki na Amani katika majimbo yetu zilizungumze na mawakili Wakatoliki.

Kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo tuna ombi la karibu zaidi. Jina la mtu likiletwa kikaoni kwa tuhuma hii, mleta jina aulizwe ameona nini kwa macho yake, na wapi. Kama ni habari ya kusikia, isiandikwe katika daftari la kumbukumbu. Mtuhumiwa asifukuzwe kwaya wala asiondolewe katika nyumba aliyopanga kwa uamuzi wa kikao ambacho hakuitwa. Na kama mtoto au kijana ametendewa vibaya na mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, huyo apelekwe hospitali na polisi siku hiyo hiyo, bila kusubiri kikao chetu.